Kitufe cha Meza Thelathini na Sita

Jumamosi ile asubuhi Mwanne aliifungua kompyuta mara tatu na kuifunga mara tatu bila kufanya lolote. Alikuwa amekaa mkekani chumbani kwao, Ilala Bungoni, na kila alipoinua kifuniko, mama yake aliacha kukunja kanga akaja kuchungulia begani kwake.

"Ndicho chenyewe hicho?" Bi Zamzam aliuliza, akikielekezea kidole kitufe cha kijani kilichoandikwa GAWA.

"Ndicho, mama."

"Yaani ukikibonyeza tu, basi."

"Nikikibonyeza tu, basi. Majina yanachanganywa, kila mtu anapewa meza yake, orodha inatoka."

"Mungu akipenda na sisi atatukumbuka," alisema Bi Zamzam, akarudi kwenye kanga zake.

Mwanne alitaka kufungua ukurasa wa nyuma ya kitufe, pale yanapoandikwa maagizo ambayo kompyuta huyafuata kitufe kikibonyezwa. Dakika moja ingemtosha. Lakini mama yake alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na ingawa alisoma kwa kukokota, jina lake mwenyewe alilijua vizuri. Mwanne alichomoa flashi yenye lile faili, akaitia mkobani, akaitoa akaitazama, akaitia tena.

"Una nini leo? Hutulii," alisema mama.

"Sina kitu. Twende, tutachelewa."

Bi Zamzam alikuwa mmoja wa mama lishe thelathini na sita waliopikia kwa miaka mingi kwenye kiwanja cha Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mpaka mwenye kiwanja alipoamua kupandisha ghorofa. Walitangatanga miezi mitano, kila mmoja na sufuria yake, wakifukuzwa kona hii wakihamia ile. Mwishowe umoja wao ukapata uwanja wa nyuma wa jengo moja Mtaa wa Mkunguni, ulioezekwa bati na kujengewa meza thelathini na sita za saruji, kila moja ikiwa na namba ya rangi nyekundu. Ukubwa wa meza ulikuwa mmoja, ila mahali zilipokaa hapakulingana. Sita za kwanza zilitazama getini, wanakopita wapagazi, madereva wa malori na wafanyabiashara wa mikoani wanaokuja kufunga mzigo. Atakayekaa pale angemaliza sufuria ya wali kabla ya adhuhuri. Kuanzia ya thelathini, meza zilipakana na jenereta na vyoo.

Narung'ombe Bi Zamzam alikuwa amekaa miaka kumi na moja nyuma ya ukuta, mahali ambapo mteja alifika kwa kuelekezwa au kwa kupotea. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kuita watu. Magoti nayo yalishaanza kumsumbua.

Hapo zamani umoja uligawa nafasi kwa vikaratasi ndani ya ndoo. Siku moja ikagundulika kwamba baadhi ya vikaratasi vilikuwa vimelala kwenye friji, na waliojua siri walikuwa wakipapasa ndani ya ndoo wakitafuta vya baridi. Tangu hapo ndoo haikuaminiwa tena. Mwanne ndiye aliyetoa wazo la kompyuta. Alikuwa na miaka ishirini na saba, karani katika ofisi ya kutoa mizigo karibu na geti la bandari, na wanawake wale walimfanya katibu wao kwa kuwa alijua kuandika barua ikaeleweka. Kule ofisini alijifunza kutengeneza vitufe kwenye majedwali: orodha ya makontena iliyokuwa ikimla asubuhi nzima, sasa alibonyeza mara moja, ikajipanga kwa lori na kwa tarehe, ikatoka kwenye printa kabla chai haijapoa.

"Kompyuta haina friji," aliwaambia kwenye kikao. Walicheka, wakakubali.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, bosi wake Anaeli akiwa bandarini, Mwanne alikijaribu kitufe kile kwa mara ya mwisho. Kilifanya kazi kwa njia rahisi. Kilimpa kila mwanachama namba ya kubahatisha, kikayapanga majina kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, na jina lililokaa juu kabisa likapata meza ya kwanza. Alibonyeza. Mama yake akapata ishirini na saba. Akabonyeza tena, thelathini na moja. Akabonyeza tena, kumi na mbili. Kisha thelathini na nne. Kitufe kilikuwa kizima, na alishalijua hilo tangu jana yake, lakini kidole hakikuacha kubonyeza na macho hayakutafuta jina jingine.

Ndipo alipoandika mstari mmoja. Mstari ule uliiambia kompyuta kwamba ikikuta jina la Zamzam Nalinga, impe sifuri. Namba zote nyingine zilikuwa kubwa kuliko sifuri. Alibonyeza, na mama yake akapanda juu. Akabonyeza tena, na tena, mara kumi. Majina mengine yalipanda na kushuka kama maharage kwenye maji yanayochemka, na jina la mama yake lilitulia pale juu. Mwanne alikaa akilitazama. Chakula chake kilipoa.

Sauti ya Anaeli ilipanda ngazi kabla yake, ikiulizia orodha ya malori. Mwanne alifunga faili haraka. Kompyuta ikauliza kama ahifadhi, akabonyeza bila kusoma. Jioni kabla ya kutoka alilifungua tena faili, akaufuta mstari ule, akahifadhi. Ijumaa akalitia faili kwenye flashi. Alikumbuka vizuri kwamba aliufuta. Alijiambia hivyo Ijumaa usiku, akajiambia tena Jumamosi njiani, akitembea nyuma ya mama yake aliyevaa gauni la Idi kana kwamba anakwenda harusini.

Uwanjani Mkunguni wanawake walishajaa, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine juu ya meza zenyewe. Mwenye duka la vyombo vya umeme mbele ya jengo alikuwa amewaazima televisheni kubwa, nayo ilitundikwa ukutani.

"Shikamoo, mama," Mwanne alimwamkia mwenyekiti.

"Marahaba, mwanangu. Njoo, njoo. Watu wana hamu na huo mtambo wako." Mwenyekiti alikuwa Mama Godbless, mwanamke wa Rombo mwenye mwili na sauti, ambaye ndiye aliyezunguka kwenye maofisi miezi yote mitano mpaka uwanja ukapatikana. Akamvutia kiti, akampa waya wa televisheni.

Mwanne alipochomeka waya, kila kilichokuwa kwenye kompyuta kikatokea ukutani, kikubwa kama mlango. Akajua kwamba nafasi ya kuchungulia imepita. Akifungua ukurasa wa nyuma, wote wangeona.

Mwanamke mmoja kijana alinyoosha mkono. Aliitwa Nice, aliuza chai na chapati, na kwenye vikao alikuwa na desturi ya kuuliza lile ambalo wenzake waliliogopa. "Mimi nina swali. Tutajuaje kama hakijapangwa?"

"Hakijapangwa," alisema Mwanne. "Kinabahatisha chenyewe. Hata mimi sijui kitatoa nini."

"Mtoto wa Zamzam tunamjua sote," alisema Mama Godbless.

"Ndiyo maana nauliza, mama. Ni mtoto wa Zamzam."

Wachache waligunaguna. Bi Zamzam, aliyekaa safu ya pili, alitazama mikono yake. Mama Godbless alimpa Mwanne ishara, na Mwanne akabonyeza.

Majina yaliruka, yakatulia. Namba moja, Zamzam Nalinga.

Bi Zamzam alisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akaweka mkono kinywani. "Alhamdulillahi," alisema, na machozi yakamtoka. Jirani yake alimkumbatia. Nyuma minong'ono ilikuwa imeanza, na ilikuwa ikikua.

"Haya," alisema Nice. "Si niliuliza?"

"Umeuliza nini?" Mama Godbless alisimama. "Mtu akipata bahati lazima awe ameiba? Lazima mmoja awe wa kwanza. Ingekuwa wewe ungesema?"

"Ingekuwa mimi, mngesema nyinyi."

Mama Godbless alimgeukia Mwanne. Alikuwa amekasirika kwa niaba yake, ilionekana hata mabegani. "Mwanangu, bonyeza tena. Iliyohesabika ni ile ya kwanza, hii ya pili ni ya kuwaonyesha tu. Wakione kitufe kisivyo na hila, wanyamaze."

Mwanne aliuona mkono wake juu ya kompyuta. Angeweza kusema betri inaisha. Angeweza kuuchomoa waya na kusingizia umeme. Aliyawaza yote mawili, na kidole kikabonyeza, kwa sababu bado alikuwa na tumaini, na tumaini hilo lilimtesa kuliko hofu.

Majina yaliruka. Mama Godbless, aliyekuwa wa tisa, akaangukia thelathini. Nice akatoka ishirini na mbili akapanda hadi nne. Kila mtu alihama. Namba moja, Zamzam Nalinga.

"Tena," alisema Nice, safari hii kwa sauti ya chini. Alipita katikati ya viti, akaja mpaka mezani. "Acha nibonyeze mwenyewe."

Mwanne alimwachia. Nice alibonyeza mara tatu, akisubiri kila mara majina yatulie. Mara zote tatu alinyanyua macho ukutani, na mara zote tatu jina la juu lilikuwa lile lile.

Bi Zamzam alikuwa bado anatabasamu. Alitazama ukuta, akawatazama wenzake, akautazama ukuta tena, na tabasamu likamwisha kidogo kidogo. "Mwanne," alisema, "mbona mimi sisogei?"

Hapo Mwanne alifungua ukurasa wa nyuma. Angeweza kusubiri alazimishwe, lakini hakuweza tena kukaa kwenye kile kiti na jambo lile tumboni. Maagizo yakatokea kwenye televisheni, mistari mingi ya maneno ambayo wanawake wale hawakuyajua, na katikati yake maneno mawili ambayo kila mmoja aliyajua.

"Jina langu linafanya nini hapo?" Bi Zamzam aliuliza.

"Niliuandika mimi ule mstari, mama. Alhamisi." Mwanne alisimama, akawageukia wote. "Unampa mama namba ya kwanza kila mara. Nilikuwa najaribu kitufe, na mama alikuwa anaangukia huko nyuma, nikauandika. Halafu niliufuta. Nilidhani nimeufuta." Sasa alielewa. Pale alipobonyeza bila kusoma, kompyuta ya ofisini ilihifadhi faili lile mahali pawili, moja usoni mwa kompyuta, jingine ndani ya jalada la umoja. Mstari aliufuta kwenye moja. Ijumaa akachukua jingine. "Yalikuwa mafaili mawili. Nilifuta kwenye moja nikaleta jingine."

"Kwa hiyo ni bahati mbaya," alisema Nice.

Mwanne alitamani sana kusema ndiyo. Wengine wangeamini, Mama Godbless angeamini. "Kuuleta leo ni bahati mbaya," alisema. "Kuuandika sio."

Kelele zilizuka. Mmoja alisema Zamzam aondolewe kwenye umoja, mwingine akasema watamwondoaje mtu asiyejua hata kuwasha kompyuta, wa tatu akauliza nani amehakikisha kwamba hajui. Mwanne aliomba afute mstari ule mbele yao, pale pale ukutani, kisha wagawe upya.

"Hata ukiufuta," alisema Nice, "mimi nitajuaje kwamba huko chini hakuna mwingine? Sisomi hayo. Humu ndani anayesoma ni wewe peke yako."

Waya ulichomolewa, televisheni ikawa nyeusi.

Bi Zamzam alisimama taratibu, akashika mgongo wa kiti cha mbele. "Mimi sikujua," alisema. "Anayeniamini aniamini, asiyeniamini namuachia Mungu. Gaweni. Mimi nitachukua itakayobaki."

Wakarudi kwenye njia za mkono. Vizibo vya soda thelathini na sita vililetwa kutoka dukani, vikaandikwa namba kwa kalamu ya wino mbele ya macho ya wote, vikamiminwa kwenye sufuria tupu iliyofunikwa kanga. Kila mwanamke alikunja mkono wa nguo mpaka kwenye kiwiko, akaonyesha kiganja, akachota kimoja. Ilichukua karibu saa nzima. Nice alipata kumi na nane, Mama Godbless kumi na moja. Waliopata za getini walijaribu kutofurahi sana. Mwanne alisimama pembeni ya ukuta na mkoba wake kifuani, akitamani aondoke, akiogopa kuondoka, akihesabu namba nzuri zinavyoisha.

Bi Zamzam alichota cha mwisho. Alikitazama, akakionyesha. Thelathini na tatu.

Mama Godbless alimfuata Mwanne pale ukutani kabla hawajatawanyika. Hakufoka. Alinyoosha mkono tu. "Muhuri," alisema. "Na daftari la wanachama." Mwanne alivitoa mkobani. Mama Godbless alivipokea, akavishikilia kama mtu aliyepewa mzigo asiouagiza. "Nilikusimamia mbele ya watu, mwanangu. Mimi ndiye niliyekwambia bonyeza tena."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo siwezi."

Njiani kurudi Bi Zamzam alitangulia. Mtaa wa Msimbazi ulikuwa umejaa watu na mikokoteni ya mizigo, na kwa kawaida alipofika pale alisimama kungoja ashikwe mkono. Siku hiyo aliingia barabarani peke yake, akavuka, hakugeuka.

Jumatatu walihamia Mkunguni rasmi. Jenereta lilinguruma kila umeme ulipokatika, na meza ya thelathini na tatu ilifikiwa na moshi wake kabla ya nyingine zote. Mwanne aliamka alfajiri, akabeba mkaa na ndoo mbili za maji mpaka pale, akawasha jiko, kisha akaenda kazini. Mama yake alimwambia yaliyo lazima. Leta chumvi. Sogeza ndoo. Umekula? Hata hilo la mwisho aliliuliza akitazama kwingine.

Wapagazi, ambao habari zote za Kariakoo huwafikia kabla ya wenyewe, walishampa Bi Zamzam jina. Walimwita Mama Kitufe. Wiki ya kwanza alijifanya hasikii. Ya pili alimfukuza mmoja kwa mwiko. Ya tatu mmoja aliita, "Mama Kitufe, nipe wali maharage," akampa wali maharage.

Ofisini Mwanne hakukaa. Alisimama kuongea na simu, alisimama kula, alifungua faili la makontena akakagua kila mstari wa kila kitufe alichowahi kutengeneza, kisha akakagua tena. Anaeli alimuuliza kama kuna kosa kwenye mizigo. "Hakuna," alisema, "nahakikisha tu." Jioni hakupanda gari. Alitembea kutoka bandarini, akapita Mnazi Mmoja, akazunguka viwanja vile mara mbili wakati mwingine, watu wakimpita kushoto na kulia, kwa sababu akifika Mkunguni angemkuta mama yake anaosha vyombo, na kimya kile kingeanza upya.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Nice alimtokea ofisini mchana. Alisimama mlangoni akiwa bado na aproni.

"Mambo?"

"Poa," alisema Mwanne. "Kuna tatizo kwa mama?"

"Hakuna. Tatizo ni vyoo. Zamu za usafi zinatugombanisha, kila mmoja anasema juzi alisafisha yeye. Nimeambiwa kitufe kinaweza kupanga zamu."

Mwanne alitikisa kichwa. "Nice, mimi sitengenezi tena kitu cha umoja. Na hamtakiamini."

"Sijakwambia utengeneze. Nimekuja unifundishe." Nice alivuta kiti bila kukaribishwa. "Siku ile nilikasirika na wewe, lakini nilipofika nyumbani nikakasirika na mimi pia. Nilikuwa nimesimama mbele ya maandishi makubwa vile, siwezi kuyasoma. Anza na ule mstari. Nionyeshe ulivyouandika."

Ilimwia vigumu Mwanne kuufungua. Aliufungua. Akamweleza neno kwa neno, hapa tunaiambia kompyuta itazame jina, hapa tunaiambia kama ni hili ifanye nini, na Nice aliuliza maswali mengi, mengine ya maana na mengine ya uchokozi. Alirudi siku iliyofuata, na wiki iliyofuata siku tatu. Makosa aliyoyafanya yalimchekesha mwenyewe. Kitufe chake cha kwanza kilifuta majina yote badala ya kuyapanga, na alipotaka kurudisha akakuta hakuna kurudi, kwa kuwa kompyuta haitangui kilichofanywa na kitufe.

"Kwa hiyo kabla hujabonyeza unaweka nakala pembeni," alisema Mwanne.

"Na unajua umeweka ipi," alisema Nice.

"Na unajua umeweka ipi," Mwanne alikubali, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile alicheka.

Kwenye kikao cha mwezi Nice aliazima tena televisheni. Mwanne hakwenda, aliyasikia baadaye. Nice aliwafungulia wenzake ukurasa wa nyuma kwanza, akawasomea kila mstari na maana yake kwa Kiswahili. Mistari ilikuwa kumi na miwili tu. Waliochoka walichoka, lakini wanne walikaa karibu na kuuliza, na Mama Godbless akaagiza arudie mstari wa saba. Ndipo akabonyeza. Zamu ya kwanza ya vyoo ikamwangukia Nice mwenyewe, uwanja ukalia kwa vicheko.

Aliyemletea Mwanne habari hizo alikuwa mama yake. Ilikuwa jioni, saa kumi na moja imepita, wateja wameisha, na wawili hao walikuwa wakisugua masufuria nyuma ya meza ya thelathini na tatu. Bi Zamzam alisimulia yote, hata la Nice na vyoo. Alisugua. Mwanne alidhani yameishia hapo.

"Ule mstari," alisema mama yake. "Uliuandika wa nini?"

Ndilo swali ambalo Mwanne alilikimbia mwezi na zaidi kwa miguu, Mnazi Mmoja na kurudi. Lilipofika, jibu lilikuwa fupi. "Nilitaka kukuona juu."

"Uliponiona?"

"Nilifurahi. Nilibonyeza mara kumi, nikuone tena na tena."

Bi Zamzam aliendelea kusugua, mkono ukizunguka pale pale. "Na mimi nilifurahi," alisema. "Siku ile, kabla sijajua. Nilishapanga jiko nitaliweka upande gani na benchi la wateja wapi. Nililia mbele ya watu wote, Mwanne. Hilo ndilo lililoniuma. Meza, meza yoyote nitapikia."

"Nisamehe, mama."

"Usinifurahie tena kwa siri. Ukitaka kunifurahia, niambie, tufurahi wote tukijua."

"Sawa, mama."

Bi Zamzam alimsukumia sufuria kubwa, ile yenye masizi yasiyotoka, akainuka kwa kushika goti. "Malizia hiyo. Na kesho lete ndoo tatu za maji, mbili hazitoshi. Madereva wa Newala wameniagiza wali wa watu kumi na tano, na wanataka saa nne uwe tayari."